Msumari Ndani ya Mpira wa Turbo

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa na tabia ya kutema mate kabla ya kusema uongo. Sio mate mengi, kidogo tu, kando ya kiatu, kisha anafuta midomo kwa kiganja na kuanza kusema. Niliigundua tabia hiyo mwaka ule aliponunua basi, na tangu hapo nikimwona anainamisha kichwa pembeni najua kinachofuata.

Mie ni fundi wa injini za dizeli. Nilisomeshwa na serikali enzi zile wasichana wachache tulipochukuliwa kujifunza ufundi, nikafanya kazi kwenye karakana ya shirika moja la usafirishaji mpaka shirika likafa. Wakatupunguza. Magari yakapigwa mnada, hata makabati ya spana yakauzwa, na waliokuwa mabosi wetu wakaonekana mitaani na yale yale magari, yamepakwa rangi mpya. Mie nikaangukia kwenye gereji ya wazi huku Tandika, chini ya mabati mawili, nikivaa suruali ya kazi ndani na khanga juu wakati wa kwenda na kurudi, kwa sababu wakwe zangu ni watu wa Pwani, Wazaramo wa tangu na tangu, na mimi nimetoka kusini, na mambo ya mke kulala chini ya gari yaliwatosha bila kuongezea na suruali.

Ilikuwa miaka ambayo kila kitu ni ruksa. Bidhaa zilikuwa zimejaa, na uchafu ulikuwa umejaa pamoja nazo. Watu walikusanya oili chafu iliyomwagwa kwenye magereji, wakaichuja kwa kitambaa, wakaijaza kwenye makopo yenye lebo nzuri na kuiuza kama mpya. Niliwahi kufungua kopo la namna hiyo nikakuta nywele ndani. Spea zilikuja kwa makontena, zimetumika huko zilikotoka, zimeoshwa kwa petroli na kupuliziwa rangi ya fedha. Ukiikwangua kwa ukucha unakutana na kutu.

Basi la shemeji lilitoka kwenye mnada. Lilikuwa la zamani, injini iko mbele, ndani, pembeni ya dereva, imefunikwa kwa boneti la bati lenye zulia juu yake, ambapo abiria walipenda kukaa. Turbo yake ya asili ilikuwa imekufa. Akanunua nyingine ya mtumba, iliyotoka kwenye injini kubwa kuliko ile, akaniletea ndani ya gunia. Akasema, kwa kuwa sisi ni ndugu, atafurahi nikimfungia mimi.

Nilimweleza, na hapa nitaeleza kama nilivyomweleza yeye. Turbo ni feni. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha upande mmoja, na upande wa pili inasukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi inaweza kuungua, na gari linapata nguvu. Lakini injini ina kiasi chake. Ukiisukumia hewa kupita kiasi hicho, na hasa injini iliyokwisha kutembea nusu ya nchi hii, gasketi ya silinda hedi inakatika, au pistoni zinayeyuka, au turbo yenyewe inazunguka mpaka inajivunja. Ndiyo maana pembeni ya turbo kuna kimlango kidogo. Presha ikifika kiwango fulani, inapita kwenye mpira mwembamba, inasukuma kijiti, kijiti kinafungua mlango, na moshi wa ziada unatoka bila kuzungusha feni. Urefu wa kile kijiti ndio unaoamua kiwango. Turbo yake ilikuwa imepangiwa injini kubwa, kwa hiyo kijiti lazima kirekebishwe.

Akauliza kama ikirekebishwa itapiga mluzi. Nikamwambia itapiga, kidogo. Akasema abiria wanapenda mluzi.

Niliifanya kazi ile vizuri. Nilitoboa bomba la hewa, nikaunganisha mpira mpaka kwenye geji ya presha niliyoifunga kwenye dashibodi, mbele ya dereva. Tukapakia mifuko ya mchanga kwenye viti, tukalipeleka basi Kimara, kwenye kile kilima cha barabara ya Morogoro, nikamwambia konda wake, mtu mzima mpole wa Mbagala aliyejua pia kuendesha, apande kwa gia ya tatu, mguu chini kabisa. Mie nilikaa pembeni naangalia mshale. Mara ya kwanza ulipanda kupita alama ya kilo moja na nusu, nikamwambia aachie mafuta upesi. Tukasimama. Nikasubiri ipoe, nikalegeza nati ya kijiti, nikakirefusha kidogo ili mlango uwahi kufunguka, tukashuka na kupanda tena. Tukafanya hivyo siku nzima. Nilikuwa naangalia mshale, naangalia moshi nyuma kwenye kioo, nashika mabomba ya maji kujua joto. Mwishowe mshale ukawa unasimama chini kidogo ya kilo moja na haupandi tena hata kwenye mwinuko mkali kabisa, moshi mwepesi, joto la kawaida. Nikakaza nati, nikaipaka rangi nyekundu ili ijulikane ikiguswa. Pampu ya dizeli nayo nikaipunguza, nikaifunga kwa waya.

Nilimwita shemeji, nikamwonyesha mshale. Nikamwambia ukivuka hapa, simamisha gari. Akaniitikia, akatazama pembeni, akatema mate kando ya kiatu.

"Shemeji, mie siwezi kuchezea mali yangu mwenyewe," akasema.

Baada ya wiki kadhaa nikaanza kusikia habari za basi lile. Majirani walilisifu. Walisema linawapita wengine kwenye njia ya Chalinze kama wamesimama. Mume wangu alirudi siku moja akicheka, akasema mdogo wake sasa anaitwa mtaani kwa jina la mluzi wake. Mie nilisimama kando ya barabara siku lilipopita na nikaona moshi: mweusi, mzito, unaotoka kama mtu anayetapika, na watoto wa shule wakiziba pua kwa kola za mashati. Nilijua pampu imefunguliwa. Nilimwambia mume wangu. Akasema nisianze. Ndugu yake anapata riziki, na mimi kila mara naona kasoro.

Kisha ikafika hitma, kisomo cha kumwombea baba mkwe, aliyekuwa amefariki miaka ya nyuma. Ilikuwa ifanyike Kisarawe, kwenye nyumba yao ya asili. Shemeji akajitolea kuwapeleka watu wote kwa basi lake, na akasema ataendesha mwenyewe, kwa heshima ya marehemu. Tuliondoka Temeke asubuhi, wanawake na watoto zaidi, na masufuria, mchele, vitunguu, mbao za kukatia nyama, visu vimefungwa kwenye vitambaa. Wanaume wengi walikuwa wametangulia, mume wangu mmoja wao. Mama mkwe alikaa mbele, kwenye kiti cha kwanza, miguu yake karibu kugusa boneti la injini. Mie nikakaa nyuma yake.

Jambo la kwanza nililoangalia ni geji. Mshale ulikuwa kwenye sifuri. Tulipita Ukonga kwa kasi, mluzi unalia, kiti kinatetemeka, na mshale haukusogea. Geji haiwezi kusoma sifuri huku turbo inalia hivyo. Nikainama kumwuliza shemeji. Akasema imeharibika, vitu vya mtumba. Alikuwa anatabasamu kwenye kioo, anawaangalia wanawake wanaomshangilia. Nikamwomba kwa sauti ndogo asikanyage sana tukifika kwenye vilima vya Pugu. Akaongeza mluzi, akawaambia abiria kwamba fundi wake anaogopa. Wakacheka. Mama mkwe hakucheka.

Kwenye kupanda Pugu akakanyaga mpaka mwisho. Tulifika kama nusu ya mwinuko, nikasikia mlio umebadilika, kutoka mluzi kuwa kama bati linakatwa, halafu kishindo kidogo ndani ya boneti. Injini ikapanda kasi yenyewe. Shemeji akatoa mguu kwenye mafuta, lakini haikushuka. Akatoa gia, ndiyo kwanza ikazidi. Akazima swichi, ikaendelea, ikazidi kupanda, mlio ambao sijawahi kuusikia tena, wa kitu kinachokimbilia kufa. Nilijua ni nini. Sili ya turbo, ile inayozuia oili isipite, imepasuka, oili ya injini inavutwa ndani pamoja na hewa, na injini inaungua kwa oili yake yenyewe. Haihitaji dizeli, haihitaji swichi. Itakimbia mpaka oili iishe au mpaka ipasuke, na ikipasuka, vyuma vinatoka kwenye ubavu wake, pale mama mkwe alipoweka miguu.

Basi lilikuwa limejaa moshi wa buluu. Watu wanasukumana mlangoni, mlango mmoja tu, watoto wanalia. Breki ya mkono shemeji aliivuta, hilo siwezi kumnyima. Halafu akafungua mlango wake wa dereva, akaruka, akakimbia. Nilimwona kupitia kioo, shati jeupe linaingia kwenye vichaka. Hakugeuka kumtazama mama yake.

Konda alikuwa ameshashuka na kuanza kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Mie nilimvuta mama mkwe nyuma, nikamsukumia kwa mwanamke mwingine, nikavuta zulia na kufungua boneti. Joto lilinipiga usoni. Bomba la mpira linaloleta hewa kwenye turbo lilikuwa linatetemeka kama nyoka aliyeshikwa mkia. Njia ni moja tu, kuinyima injini hewa. Sikuwa na spana ya kufungua klempu iliyoubana ule mpira. Nikapiga kelele niletewe kisu na ubao wa kukatia nyama. Nani aliyenipa sijui mpaka leo. Nikachana mpira kwa kisu, nikaung'oa, mdomo wa turbo ukabaki wazi unavuta, nikaubandika ubao juu yake kwa mikono miwili. Mdomo ule ukaunyonya ubao kwa nguvu ambayo nisingeweza kuubandua. Injini ikakohoa, ikatingisha basi zima, ikakohoa tena, ikafa.

Nilikaa sakafuni. Mikono ilikuwa imeungua, na uso na kifua vimelowa oili ya moto iliyokuwa inatiririka. Nilitapika hapo hapo, kwenye ngazi ya basi, mbele ya wakwe zangu. Harufu ya ile oili sijaisahau. Ilikuwa ile oili ya makopo, oili chafu iliyochujwa.

Tulifika Kisarawe kwa gari la mkaa na kwa pikipiki, kwa mafungu. Wanawake walinipaka asali kwenye mikono, wakanipa nguo safi. Hitma ikaendelea. Shemeji alifika mchana, shati limenyooka, amenawa uso. Wanaume walimpokea barazani, na mie nilikuwa nimekaa ndani karibu na mlango, nasikia. Akawasimulia jinsi injini ilivyopagawa, na jinsi yeye alivyoruka upesi kutafuta mawe ya kuweka kwenye magurudumu, maana bila mawe basi lingerudi nyuma na kuua watu wote. Wakamwambia Mungu ni mkubwa. Mmoja akamsifu kwa akili ya haraka.

Mama mkwe alikuwa ametoka kuleta maji. Akasimama na jagi mkononi.

"Mawe aliweka konda," akasema. "Wewe mwanangu ulikuwa wapi?"

Shemeji akasema alikwenda kutafuta msaada. Kisha mume wangu, mume wangu mimi, ambaye alikuwa ameshaiona mikono yangu, akasema tusome dua kwanza, mengine baadaye. Wakainua mikono. Pilau ilipoletwa nilishindwa kuila. Kila tonge lilikuwa na ladha ya ile oili.

Basi lilivutwa mpaka gereji. Mikono yangu ilipopona kiasi cha kushika spana nililifungua. Rangi nyekundu kwenye nati ya kijiti ilikuwa haijaguswa. Hakugusa kijiti. Alikuwa amechomoa ule mpira mwembamba unaopeleka presha kwenye kimlango, akaingiza msumari ndani yake, msumari wa kawaida wa mabati, akaufunga kwa waya na kuurudisha mahali pake vizuri, ili mtu akitazama juu juu aone kila kitu kipo. Kimlango hakikufunguka hata siku moja tangu hapo. Na geji haikuharibika. Mpira wake ulikuwa umekunjwa na kufungwa fundo nyuma ya dashibodi. Hapo ndipo nilipokaa chini na kumwelewa. Mtu asiyejua huacha geji isome. Yeye alijua mshale unasema nini, akaufunga mdomo, akampakia mama yake.

Nilipeleka ule mpira nyumbani, jioni wakiwa wote wamekaa, nikauweka juu ya mkeka. Nikaeleza kwa maneno machache. Shemeji akauangalia, akageuza kichwa, akatema nje ya baraza. Akasema turbo ilifungwa na mie, na ndani ya gereji mna misumari mingi. Akasema hakutaka kunitaja mbele ya watu siku ya hitma kwa kuwa ni mke wa kaka yake. Konda alikuwepo, na nilimwangalia, akaangalia vidole vyake vya miguu. Alikuwa na watoto wa kulisha, sikumlaumu sana. Mume wangu alisema tuyaache, tumshukuru Mungu hakuna aliyekufa.

Mama mkwe aliuchukua ule mpira, akauminya, akausikia msumari kwa vidole. Akaniuliza ulikuwa unafanya kazi gani. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, polepole. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi mie sipandi tena gari lake," akainuka kwenda kuswali magharibi. Hakumfukuza mwanawe. Kesho yake nilimwona anampakulia chakula kama kawaida, kipande kikubwa cha samaki. Yule ni mama yake, nilijiambia. Lakini nilishindwa kukaa nao kula.

Ungedhani hapo ndipo uchafu unapoishia. Shemeji akalipeleka basi kwa mafundi wengine, wakaweka turbo nyingine, wakaziba kwa gundi ya chuma ufa ambao injini iliupata siku ile ya Pugu, wakajaza oili nzito kama uji ili isitoe moshi kwa siku chache. Likapakwa rangi ya kijani. Akapata mnunuzi, mzee mmoja wa Ukonga aliyestaafu, anataka kitu cha kumtunza uzeeni. Na shemeji akaja kwangu, na adabu zote, kuniomba niwepo siku ya kulikagua. Alisema mzee atatulia roho akisikia kwamba ndani ya familia kuna fundi aliyesomea. Alisema hivyo bila kupepesa macho, nusu mwaka haujapita, na makovu mikononi mwangu bado mekundu.

Nilikubali kwenda. Mume wangu alifurahi, akadhani tumepatana.

Mzee alikuwa mtu wa heshima, amevaa kanzu na miwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza hali ya basi. Shemeji akaanza kujibu. Nikamkatiza.

"Baba, injini hii imepasuka na imezibwa," nikamwambia. "Mie ndiye fundi wake na mie ndiye niliyeizima ilipopagawa. Usilinunue."

Nikamwonyesha mahali penye gundi. Mzee akavua miwani, akainama, akapagusa kwa kidole. Alinishukuru, akaniombea dua, akaondoka zake kwa miguu. Shemeji akamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona. Kisha akasema kwamba mwanamke wa kusini hata umwoe hawi ndugu. Hiyo ndiyo kauli ya kweli pekee niliyowahi kuisikia kutoka kwake, na aliisema bila kutema mate.

Nyumbani palikuwa pagumu. Mume wangu alihamishia mto wake sebuleni kwa muda mrefu. Basi liliuzwa kimya kimya kwa watu wengine, sikuambiwa. Nililiona baadaye pale Ubungo, likisubiri kuingia barabara ya Morogoro, limejaa, abiria wamekaa juu ya boneti, na turbo inapiga mluzi. Nilivuka katikati ya magari nikaenda kwenye dirisha la dereva. Alikuwa kijana asiyenijua. Nilimwambia mie ni fundi, nalijua basi lile, na kwa usalama wake mwenyewe aniletee Tandika kabla ya safari ya kesho. Nilidhani atanitukana. Akaniangalia mikono, akauliza kama ni lile lililopagawa Pugu. Nikamwambia ndilo.

Alilileta, na mmiliki mpya akaja naye, amenuna. Nilifungua mpira mwembamba mbele ya macho yao. Ulikuwa na msumari. Labda shemeji aliwapelekea mafundi wale ule mpira wa kwanza kama mfano, nao wakauiga, wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Yule mwenye basi alikaa juu ya tairi akashika kichwa. Tukaishusha injini, tukaitengeneza kwa miezi, na ilipokuwa tayari tukaanza upya kabisa: geji, mifuko ya mchanga, kilima cha Kimara, mguu chini, mshale, moshi. Lilitembea njia ya Morogoro miaka kadhaa, polepole, likipitwa na kila mtu.

Shemeji sasa ni mtu wa baraza. Sikukuu anakuja kwetu, anakaa na vijana na kuwafundisha mambo ya magari, jinsi ya kuchagua injini, jinsi ya kuisikiliza. Wanamsikiliza kwa heshima. Mume wangu huniita nimletee chai. Namletea, namwamkia, naulizia watoto wake. Nikirudi jikoni nasimama kwenye bomba, nanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, kama mtu aliyetoka chini ya gari.